Bwana Upepo na Tairi Lisilo na Upepo

Mume wangu ana sikio la ajabu. Tairi la lori likikaa vibaya kwenye rimu, yeye hana haja ya kuliangalia. Analipiga teke, anainamisha kichwa, anasema, "Hili bado," na likifunguliwa kweli unakuta bado. Kazi hiyo aliianza akiwa kijana mwembamba wa kupeperuka, akaiacha akiwa na mabega yasiyopita mlango wa choo chetu mpaka ageuke upande. Pale karakana ya matairi walimwita Bwana Upepo, kwa vile kazi yake ilikuwa kujaza upepo, na mimi kwa kuolewa naye nikawa Mama Upepo bila kuulizwa. Jina hilo sijalipenda hata siku moja. Ukiitwa Mama Upepo mbele za watu, wasiokujua wanadhani una tumbo linalosumbua.

Lakini maneno! Huyu mtu alikuwa na maneno, jamani. Akirudi jioni, hata viatu hajavua, nimeshajua lori gani limeingia na misumari, dereva gani kasema uongo kuhusu mzigo, na mwenzake gani kabanwa kidole kwa sababu ya kujifanya anajua. Mimi nami simwachii. Akisema hivi, nasema vile. Tulikuwa tukibishana kuhusu matairi ya watu tusiowajua mpaka chai inapoa, halafu tunalaumiana nani kaiacha ipoe. Majirani walizoea. Wakisikia kimya kwetu walikuwa wanagonga mlango kuuliza kama tumesafiri.

Basi akastaafu. Wakampa saa ya ukutani, wakampa mikono, wakampigia makofi, akarudi nyumbani. Akakaa dirishani. Na maneno yakaisha.

Sitanii. Yaliisha kabisa, kama bomba lililofungwa barabarani. Nikimuuliza umelalaje, anasema "Vizuri." Chakula? "Sawa." Unataka twende kumsalimia dada yako? "Sawa." Dada yake, ambaye miaka yote nikimtaja tu ilikuwa vita! Nilimpeleka hospitali wakampima moyo, wakampima damu, wakasema mzee mzima kabisa, rudini nyumbani. Mzima wa nini? Mume wangu nilikuwa nimemkosa, naye yumo ndani, anakula chakula changu na kuvaa mashati ninayoyapiga pasi. Niliogopa. Mimi si mtu wa kuogopa ovyo, ila kile kimya kiliniogopesha kuliko ugonjwa wowote.

Aliyemwokoa ni binti yetu mkubwa, mpima ardhi, mtoto asiyependa mambo ya kuzungukazunguka. Siku moja kaja na boksi kubwa, kaliweka mezani, kanivuta jikoni.

"Mama, humo ndani mna ndege. Ya kuunda mwenyewe, mbao nyepesi, mota ya betri, unairusha kwa rimoti."

"Baba yako na ndege wapi na wapi? Hata ngazi anapanda kwa shida."

"Mama," akasema, "ina magurudumu."

Mtoto ana akili huyu, sijui kamrithi nani. Baba yake alifungua boksi, akazipita mbawa, akaupita mkia, akaipita mota yenyewe, akaenda moja kwa moja kwenye kifuko kidogo pembeni. Ndani mlikuwa na rimu za plastiki, kila moja ikitosha kuwa kifungo cha koti, na pete nyeusi za mpira. Akaiweka pete moja juu ya ncha ya kidole. Akaizungusha. Akainusa, Mungu ni shahidi wangu, akainusa.

"Mama watoto," akasema, "hebu njoo uone."

Nilikuwa na sahani mkononi. Nashukuru ilikuwa ya plastiki.

Tangu siku hiyo meza yangu ya kulia chakula ikawa karakana. Tulikula tumepakata sahani, na sikulalamika. Nasema uongo, nililalamika kila siku, lakini kwa furaha, kwa sababu na yeye alikuwa ananijibu. "Sogeza mbawa zako nipitishe bakuli." "Bakuli lako lisubiri, gundi haijakauka." Jamani, raha! Halafu binti akamtafutia chama cha warushaji wa ndege ndogo, watu wazima wenye heshima zao wanaokutana Jumamosi asubuhi kwenye kiwanja nyuma ya kiwanda cha matofali, penye kipande cha lami cha kurukia na kutua. Akawa anaondoka amevaa kofia, anarudi amejaa habari. Fulani ndege yake imenasa kwenye waya. Fulani anaweka betri kinyume halafu anailaumu hali ya hewa. Nikasema moyoni, huyo ndiye, karudi.

Sasa shida ikaanzia pale pale alipojidai bingwa.

Yale matairi hayakuwa na tundu la upepo. Ni mpira tu, umejaa, unavishwa kwenye mfereji wa rimu basi. Hilo lilimkera toka mwanzo. Aliligeuza tairi huku na huku akitafuta, akaniuliza kwa uchungu kabisa, "Upepo unaingilia wapi?" Nikamwambia asome karatasi ya maelekezo. Akaikunja, akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa unatikisika.

"Karatasi ya nini? Mimi nifundishwe kuvisha tairi? Tairi ni tairi."

Akalivisha anavyojua yeye. Kwanza akachukua kikombe changu cha chai, si chake, changu, akatia maji ya moto, akatumbukiza mpira ulainike. Halafu akaja jikoni, akachukua sabuni yangu ya vyombo, akaikoroga mpaka ikatoa povu, akachovya brashi ndogo ya rangi na kupaka ukingo wa rimu pote, taratibu, ulimi umetoka nje. Akaupachika mpira upande mmoja, akausukuma kwa kidole gumba akizunguka, akizunguka, mpaka ukaingia kwenye mfereji wake. Ulivyoingia alifumba macho. Akaupiga kwa ukucha akasikiliza.

"Hili limekaa," akasema.

Akadondoshea gundi kidogo ukingoni, kwa kuwa hata yeye alikubali kwamba bila upepo lazima kuwe na kitu cha kulishikilia. Akapachika magurudumu kwenye ekseli, akakaza vile vipete vyenye skrubu vya kuyazuia yasichomoke, akanyanyua ndege juu kama mtu aliyepata mtoto.

Jumamosi ndege iliruka vizuri, wote wanasema. Ilipotua, tairi la kushoto likachomoka kwenye rimu, likabiringika peke yake katikati ya lami, na wakati ule ule mwenyekiti wa chama alikuwa ndiyo kwanza anaipandisha yake, ndege nyekundu aliyoiunda kwa mikono yake. Gurudumu lake likakanyaga lile tairi. Ndege nyekundu ikapinduka kichwa chini miguu juu, pua ikapasuka.

Huyu mwenyekiti ni daktari wa meno. Mtu mpole, hapigi kelele, na hilo ndilo baya. Alikuja na pua ya ndege yake mkononi, akamwambia mume wangu kwa adabu zote, "Bwana Upepo, wewe ni mwenzetu. Lakini likitoka tairi lingine hapa, utakuwa mtazamaji. Utakaa nje ya kamba na wageni." Mbele ya watu wote. Na mtu mwenyewe maisha yake yote kafunga matairi ya malori yaliyopita milima na mabonde, hata moja halikumwaibisha.

Nilimpokea mlangoni. "Vipi leo?"

"Sawa," akasema, akaenda kukaa dirishani.

Ile sawa ilinikata maini.

Siku zilizofuata alipigana na yale matairi kimya kimya. Akaongeza gundi. Akabadilisha gundi. Akafunga uzi juu ya tairi, likawa na kiuno. Kulijaribu, alikuwa anabana gurudumu kwenye drili na kulizungusha kwa kasi, na kila mara mambo yalikuwa yale yale: drili inalia, tairi linatetemeka, halafu pyuu! Moja lilipiga kioo cha kabati. Jingine tulilitafuta mpaka tukachoka, nikalikuta kwenye sahani yangu ya maharage, na nilikuwa nimeshalitafuna kidogo. Zamani tungecheka mpaka machozi. Yeye alinyoosha mkono tu, nikampa, akaliosha, akarudi mezani bila neno. Gundi ilikuwa inabanduka kwenye rimu nzima nzima, kama ngozi ya juu ya maziwa yaliyopoa.

"Mpigie daktari umuulize wenzako wanafanyaje," nikasema.

Akaniangalia kama niliyemwambia avue nguo barabarani.

"Jumamosi likitoka tena," akasema, "boksi lote nampa binti arudishe dukani." Hayo ndiyo yalikuwa maneno marefu kuliko yote aliyoniambia tangu aaibishwe. Nikajua kabisa: likitoka tairi, simpotezi mwanachama wa chama, nampoteza mtu wa kuongea naye maisha yaliyobaki. Nikaenda kuoga nikalia humo, maji yamefunguliwa.

Basi Alhamisi, kama vile matatizo hayajatosha, kifuniko cha jino langu la nyuma kikang'oka. Na daktari wa meno mtaa huu ni mmoja. Ndiye huyo huyo.

Nikasema vizuri, ngoja nikamtolee uvivu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno: Wewe daktari, unajua mume wangu ni nani? Unajua umenirudishia sanamu nyumbani? Niliyapanga yakapangika, makali, ya heshima kidogo mwanzoni halafu yanakolea. Nikaingia, nikalazwa kwenye kile kiti, nikavuta pumzi, na kabla sijafungua kinywa kusema, akanifungua yeye. Sindano hii, pamba hii, kioo hiki, bomba la kunyonya mate. Hotuba yangu yote ikabaki kooni. Sikuwahi kuonewa vile. Nikabaki kumtolea macho, nikitumaini yatasema yenyewe.

"Mama, ni wewe mke wa Bwana Upepo, siyo?" akasema kwa upole. "Mtu mzuri sana yule. Panua."

Akamwambia nesi, "Kausha." Nesi akakausha. "Puliza." Akapuliza kwa kimashine. Akagusa kwa pamba, akaiangalia pamba. "Bado. Kausha tena." Nikaanza kuchoka, nikataka kufunga mdomo nimeze mate, akanizuia kidevu.

"Usifunge, mama. Mate yakiingia hapa, gundi itashika mate, haitashika jino. Utakula mkate, na kifuniko kitatoka na mkate."

Nikatulia. Gundi itashika mate, haitashika jino. Nikaiona brashi ya rangi. Nikaona povu. Nikaiona chupa yangu ya sabuni ya vyombo ambayo wiki hizo ilikuwa inaisha kabla ya wakati wake nami nalaumu sufuria.

Nilipiga ukelele. Daktari akadhani nimeumia, akanichoma sindano nyingine.

Nilitoka pale nusu ya uso siihisi kabisa. Nilikwenda nyumbani mbio, na mimi si mtu wa mbio, nimeshika shavu, udenda unanitoka bila idhini yangu. Nikaingia. Alikuwa mezani na drili. Nikafungua kinywa nimweleze, kikatoka kitu ambacho hata mimi mwenyewe sikukielewa. Akashtuka.

"Umepatwa na nini? Kaa chini! Kaa! Nikuletee maji?"

Nikakataa kwa kichwa. Nikanyakua gurudumu.

"Usiguse, bado bichi hilo!"

Nikaligusa. Nikachomeka ukucha, nikavuta tairi, likatoka bila ubishi wowote, na ile gundi ikatoka nalo nzima nzima. Nikamshika mkono yule mtu mkubwa, nikakichukua kidole chake nikakipitisha ndani ya mfereji wa rimu, chini kabisa, pale ambapo gundi ingetakiwa iwe imeng'ang'ania. Kikateleza.

Akakipitisha tena mwenyewe. Akakinusa.

"Sabuni," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa kwa nguvu mpaka shingo ikaniuma.

"Sabuni!" Akasimama, kiti kikaanguka. "Mama watoto, ni sabuni! La lori unapaka sabuni liteleze, liingie, halafu unajaza upepo, upepo ndio unalisukuma likabana rimu. Sabuni ikibaki haidhuru, upepo umeshalishika! Hili halina upepo. Hili linashikwa na gundi peke yake, nami nimeigundisha kwenye povu!" Akajipiga kwenye paji la uso. "Wala sikumbuki kuipaka. Mkono unajipaka wenyewe. Miaka yote hiyo, mkono umeshajua njia!"

Akaanza kucheka. Akacheka mabega yakatikisika, na mimi nikacheka kwa upande mmoja wa mdomo, na yeye kuniona ninavyocheka ndiyo akazidi, akashika meza.

Kazi tuliifanya wawili. Yeye alileta spiriti na pamba, tukafuta rimu na matairi mpaka pamba ikatoka kavu, safi. Kila mara nilimwashiria: bado, kausha tena. Nilikuwa nimeshakuwa daktari. Akakwaruza mfereji kwa kipande cha msasa ili gundi ipate pa kushika. Mpira tukaulainisha kwa mvuke wa birika, bila tone la sabuni, na chupa niliificha ndani ya kabati la nguo. Ulikuwa mgumu kuingia, alitukana taratibu, lakini uliingia. Halafu kazi ya kijiti cha kuchokolea meno: unafunua ukingo wa mpira kidogo kwa kisu butu, unaweka tone la gundi chini yake, unaachia, unabana, unasogea mbele kidogo, tone lingine, mpaka umezunguka gurudumu lote. Matone madogo madogo. Ukimwaga, inavuja pembeni na mpira unakakamaa. Hapo mikono yake mikubwa ilitetemeka, nikamnyang'anya kijiti. Nimeshona vifungo vya watoto wote na wa baba yao, tone la gundi lingenishinda?

Tuliyaacha yakauke mpaka kesho yake. Tukabana gurudumu kwenye drili. Ikalia, ikalia, ikapiga kelele, tairi likabaki pale pale. Akazima. Akalipiga kwa ukucha, akasikiliza.

Jumamosi nikasema naenda naye. Nilisimama nje ya kamba, na mkoba wangu, kati ya wageni, nikawaza: hapa ndipo watakapomweka. Daktari akaja kunisalimia, akaniuliza jino, nikamjibu vizuri. Ile hotuba niliiacha. Akili yangu yote ilikuwa kwenye lami.

Ikapaa. Ikazunguka juu ya kiwanda cha matofali, ikazunguka tena. Alipoanza kuishusha, upepo ukavuma kutoka ubavuni, upepo wa kweli, ule usioingia kwenye tairi. Ndege ikayumba. Nikashika kamba kwa mikono yote miwili. Ikagonga lami kwa gurudumu la kushoto, gurudumu moja tu, kwa kishindo nilichokisikia pale nilipo, ikaruka juu, ikagonga tena, bawa likapiga chini likavunjika katikati, ikageuka nusu duara, ikajikokota, ikasimama. Uwanja mzima ukasema "Aaah!"

Mimi sikuangalia bawa. Niliangalia chini, kushoto, kulia. Matairi yalikuwemo.

Mwenyekiti akatangulia kufika. Akapiga magoti, akalishika lile tairi la kushoto kwa vidole viwili, akalivuta. Akalitikisa mbele, nyuma, kwa ustadi wake ule ule wa kung'olea meno. Akavuta tena, uso umekunjamana. Halafu akaachia, akasimama akijipangusa magoti.

"Halitoki," akasema. "Hili halitoki. Bwana Upepo, njoo utueleze mmelifungaje!" Na wenzake wote wakajikusanya pale, mwingine keshatoa gurudumu lake bovu mfukoni.

Lakini mume wangu hakwenda kwao. Aliweka rimoti chini akavuka nyasi kuja kwangu, anatembea haraka, kofia imekaa upande, na alianza kuongea kabla hajanifikia. Kama nimeona lilivyogonga. Kama nimesikia ile sauti, ndiyo sauti yenyewe ile, sauti ya tairi lililokaa, hata lori linalia hivyo hivyo. Kwamba upepo ulimwonea, kwamba bawa si kitu, bawa ni mbao, tutaliunganisha Jumatatu, mimi nishike gundi maana mkono wangu hautetemeki, ila nisimharakishe kama kawaida yangu. Nikamwambia mwenye haraka ni yeye. Akasema nani, mimi? Nikasema nani mwingine. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyasingizia vumbi.

"Bwana Upepo!" wakaita tena kule kwenye lami. "Tunakusubiri wewe!"

Akageuka nusu, akawainulia mkono.

"Ngojeni kidogo," akasema kwa sauti, uwanja mzima ukasikia. "Naongea na mke wangu."

Nao wakangoja.